Mmoja wa mapacha wangu alifariki kwa saratani ya damu, tukabaki kumkagua mwenzake kila asubuhi

Wakuu, salaam nyingi kutoka Kibiti.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo mara ya kwanza. Haya ninayoeleza yamenipata mwenyewe, na mke wangu yupo hapa pembeni ananiuliza naandika nini muda wote huu. Anayeona ni chai, yaani nimetunga, apite tu kimya kimya, sina ugomvi naye.

Kilichonisukuma ni uzi mmoja niliousoma juzi. Mdau ana mtoto ana leukemia, hiyo saratani ya damu, anaomba ushauri, na comment ya tatu tu mtu anamwambia "chunguza ukoo wa mama yake."

Nikaweka simu chini. Maneno hayo nayajua. Yaliingia nyumbani kwangu zamani, na yalikaa sana.

Basi twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Biashara imefunguliwa, kila mtu ruksa kununua na kuuza. Matajiri wa Dar wakaanza kuteremka hadi deltani na mabarafu yao kutafuta kamba wa kula. Mimi kijana, nikawa nawakusanyia. Nachukua mzigo kwa wavuvi wa Salale, naupanga kwenye maboksi ya barafu, boti hadi Nyamisati, halafu gari hadi Kibiti.

Huko Salale ndiko nilikomuona Somoe, nikamuoa.

Mimi ni Mmatumbi. Wazee wetu waliteremka kutoka milimani wakalima huku upande wa Mahege. Dada yangu mkubwa, Zainabu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ile ndoa hakuipenda. "Wanawake wote wa Kibiti umewaona wabaya, umeenda kuoa kwenye mikoko?" Alisema kwa mzaha, lakini nusu ya mzaha ule ilikuwa kweli.

Mimba ya kwanza Somoe alikwenda kujifungulia kwao, kama desturi. Mama yake, Bi Kibibi, alikuwa anazalisha wanawake wa pale kisiwani. Wakatoka mapacha wa kiume, Hasani na Huseni.

Wakuu, wale watoto walifanana kama shilingi kwa ya pili. Mimi baba yao nilikuwa nawatofautisha kwa kicheko tu. Hasani akicheka lazima akohoe.

Walipokaribia miaka minne, Hasani akaanza homa.

Enzi hizo huku kwetu homa ni malaria, hakuna mjadala. Anapewa klorokwini, inamuwasha mwili mzima usiku kucha, homa inashuka. Baada ya muda mfupi inarudi. Tunampa tena.

Halafu akaanza kuwa mweupe. Viganja, midomo, ndani ya kope, kote damu imekimbia. Akawa hataki kutembea. Mtoto aliyekuwa anashinda juu ya mpapai anakaa tu kwenye mkeka, anasema, "Mama, miguu inaniuma ndani." Ndani, siyo juu. Tukadhani ameanguka.

Yakaja mabaka ya bluu mapajani, na hakuna aliyempiga. Akipiga mswaki, fizi zinatoka damu.

Dada Zainabu akasema amechezewa. Mganga mmoja wa Ikwiriri akatajwa. Bahati nzuri siku hiyo Somoe alikuwa ameshampeleka zahanati. Tabibu wa pale akamfunua kope, akamminya tumbo na shingo, akaniita pembeni.

"Baba Hasani, hii siyo malaria peke yake. Mimi hapa sina kipimo. Mpeleke Dar, usingoje wiki iishe."

Tukaondoka na gari la kamba, Somoe mbele na mtoto, mimi nyuma juu ya maboksi. Barabara ile mnaoijua leo ina lami. Sisi tulikwama kwenye tope tukasukuma, na kila gari likiruka nasikia Hasani analia kule mbele. Huseni tulimuacha Kibiti kwa shangazi yake.

Hospitali ya Dar wakamtoa damu, wakamtoboa mfupa wa nyonga wakachukua uboho. Kilio cha siku ile sitakieleza.

Daktari wa watoto alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, anaongea akikutazama. Alitukalisha ofisini akasema mtoto ana saratani ya damu. Mimi na Somoe tukatazamana. Saratani tulikuwa tunaijua ya titi, ya koo. Ya damu? Damu si inazunguka tu?

Akaeleza kwamba chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, zimezaliwa nyingi kupita kiasi na hazikomai. Zimejaa kwenye uboho, zimezibana nyingine. Ndiyo maana amepungukiwa damu, ndiyo maana mifupa inauma. Dawa ipo, lakini ni kali na ni ya muda mrefu, na nyingine itabidi tuitafute wenyewe kwenye maduka ya dawa nje ya hospitali.

Halafu akauliza, "Mna mtoto mwingine?"

"Ana pacha wake."

Akaweka kalamu mezani.

"Wanafanana?"

"Hata mimi wananichanganya."

"Yuko wapi?"

"Kibiti. Mzima kabisa, anacheza."

"Mleteni."

Wakuu, neno moja lile lilinipiga kuliko maelezo yote yaliyotangulia. Mpaka pale nilikuwa na mtoto mmoja mgonjwa na mmoja mzima. Nilipotoka mlangoni sikujua tena nina wangapi.

Nikatuma salamu, dada Zainabu akaja na Huseni. Wakampima, wakasema damu yake kwa sasa ni safi. Hilo neno "kwa sasa" Somoe alilisikia. Akamuuliza daktari kwa nini kwa sasa.

Daktari akajibu kwa kifupi kwamba mapacha wa aina hii mmoja akiugua, mwenzake ana hatari kubwa kuliko mtoto wa kawaida. Lakini kuna jambo anataka kulijua kwanza.

"Walipozaliwa, kondo la nyuma lilikuwa moja au mawili?"

Somoe hajui, alikuwa hoi. Mimi nilikuwa Nyamisati napakia mzigo. Anayejua ni mama mkwe.

Nikateremka Salale. Njia nzima naomba yawe mawili, maana daktari alishasema, yakiwa mawili tutapumua kidogo.

Nikamkuta Bi Kibibi anaanua mpunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Nikamweleza hali. Alikaa chini pale pale kwenye jamvi, juu ya mpunga. Kisha nikauliza lile swali, kwa adabu, maana kumuuliza mkweo habari za uzazi wa mkeo si jambo dogo kwetu.

Akaokota punje, akazitupa.

"Mawili," akasema. "Kila mtoto na lake."

Nilimshika mkono nikaubusu. Kurudi nilirudi kama mtu aliyetolewa jela. Kwenye boti nilikuwa nacheka na kila mtu.

Nikamkuta Somoe wodini, nikampa habari. Hakufurahi. Alikuwa anamlisha Hasani uji, akaendelea kumlisha.

"Mama kakwambia mawili?"

"Kwa mdomo wake."

"Baba Hasani, mama yangu anaogopa."

Ndipo nikajua kumbe kuna maneno yalishafika Salale kabla yangu. Dada Zainabu alikuwa amewaambia watu kwamba ugonjwa huu ni wa kwao, damu ya deltani, na kwamba kondo la watoto wangu halikuzikwa, lilifanyiwa mambo. Maneno hayo yalipanda boti yakamfikia bibi wa watu. Kwa hiyo mimi nilipotokea na kuuliza habari za kondo, yeye alisikia shtaka.

Sikujua nimkasirikie nani.

(Samahani wakuu, nilikwenda kuswali alasiri. Nimerudi.)

Haukupita muda Bi Kibibi akaja Dar mwenyewe kumuona mjukuu. Mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Mkuranga. Alipoingia wodini, Hasani na Huseni walikuwa wamelala kitanda kimoja, maana Hasani alikuwa hataki kula mpaka mwenzake awepo. Mmoja kichwa hakina nywele kwa ajili ya dawa, mwingine anazo. Nadhani ndiyo siku ya kwanza kila mtu aliweza kuwatofautisha.

Bibi akawatazama. Dada Zainabu alikuwepo, kakaa upande wa pili, kajifunga mtandio. Hawakusalimiana vizuri.

Daktari akapita. Bi Kibibi akamfuata.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeuliza habari ya kondo?"

"Ndiyo, mama."

"Lilikuwa moja. Kubwa. Nimelizika mimi kwa mkono wangu, nyuma ya nyumba yangu, na mashahidi ninao." Akageuka kumtazama dada. "Kama ni kosa, kosa langu. Mwanangu Somoe aachwe."



Daktari akavuta stuli akaketi, akamshika yule bibi mkono. Akasema, "Mama, hujakosea kitu. Wala binti yako. Nisikilizeni wote."

Aliyoyasema nitayaandika kama nilivyoyaelewa, wataalamu mtanirekebisha.

Alisema ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi ya urithi, yanayoiambia chembe ikue vipi na ikome lini. Mara nyingi kwa ugonjwa huu, maandishi hayo huharibika kwenye chembe moja tu ya damu, mtoto akiwa bado tumboni. Wazazi hawakumpa. Hayakuwa kwenye damu ya mama wala ya baba. Yameharibika pale pale, kwa mtoto mwenyewe, na hakuna aliyefanya kitu yakaharibika.

"Sasa hawa walikuwa wawili kwenye kondo moja," akasema. "Mishipa yao iliungana. Damu ya huyu inapita kwa huyu. Chembe iliyoharibika kwa mmoja inaweza kuwa imevuka kwa mwenzake."

Dada Zainabu akauliza, "Kwa hiyo na huyu anao?"

"Si lazima. Chembe ile peke yake haitoshi. Mpaka litokee jambo jingine baadaye, na kwa watoto wengi halitokei kamwe. Kadiri anavyokua hatari inapungua. Tutamwangalia."

Somoe wakati ule alikuwa mjamzito, mimba changa. Akaweka mkono tumboni. "Na huyu?"

"Huyo ni ndugu yao wa kawaida, hakulala nao kondo moja. Hatari yake ni ndogo mno. Usimkoseshe mtoto furaha ya kuzaliwa."

Dada Zainabu hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Lakini jioni ile aliondoka na Bi Kibibi, akampeleka kulala alikofikia yeye, akamchemshia maji ya kuoga. Tangu siku hiyo sikusikia tena habari ya damu ya deltani kutoka kinywani mwake, na aliyethubutu kuisema mbele yake alikiona.

Hasani alipata nafuu. Hili nalisema maana watu hudhani hakuna aliyefaidika na dawa. Alirudi Kibiti, nywele zikaota, akapanda mpapai. Tulikuwa tunakwenda Dar na kurudi. Kisha kuna kipindi dawa moja ikawa haipatikani, si hospitali si madukani, na ugonjwa ukarudi. Safari hiyo haukusikia dawa.

Alifariki masika, mikononi mwa mama yake. Tulimzika Kibiti.

Huseni alimtafuta. Alikuwa anabakiza nusu ya chapati kwenye sahani, anaiacha hapo.

Na watu wakaanza kupata shida kuniita. "Baba Hasani" ikawa inawakwama kooni, wengine wakahamia "Baba Huseni". Wallahi kila nikiitwa hivyo moyo ulikuwa unaruka. Nilikuwa naona kama wananihamishia jina mahali pengine pa kupotezea.

Wakuu, msiba una mwisho wa matanga. Kile kilichofuata hakikuwa na matanga.

Kila asubuhi Somoe anamsimamisha Huseni mlangoni penye mwanga. Anamfunua kope. Anampanua mdomo anatazama fizi. Anapapasa shingo, makwapa, tumbo. Anamkagua miguu mbele na nyuma. Ndipo anampa chai. Mimi nikirudi kutoka deltani, kabla ya salamu, nauliza, "Vipi?" naye ananijibu, "Safi." Nikisikia amechelewa kujibu, hata kwa sababu ana kitu mdomoni, namwita mtoto nimtazame mwenyewe.

Kila baada ya miezi kadhaa tunampeleka Dar kupimwa. Safari za kwenda hatuongei. Safari za kurudi tunamnunulia machungwa njia nzima.

Mpira tukamkataza. Kupanda miti tukamkataza, na ule mpapai nikaukata. Akijikwaa akapata jeraha, siku ile nyumbani hapapikwi vizuri.

Rehema, ile mimba ya wodini, alikuwa ameshazaliwa, mzima, mnene. Na yeye tukamchungulia kope mpaka Bi Kibibi akagomba. "Mtoto huyu mtamtoa macho!"

Huseni alipokuwa amekaribia kumaliza miaka saba, nilimpeleka Mahege, shambani kwa dada, wakati wa kuvuna, akae na binamu zake siku chache. Akarudishwa na homa. Somoe akamvua suruali amuogeshe.

Miguu yote miwili, kwenye miundi, mabaka ya bluu.

Somoe hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti akaniita kwa jina langu, jina ambalo hajawahi kuniita tangu nimuoe.

Sikumbuki tulipataje gari. Nakumbuka nimempakata, ana joto, na mimi nasoma kila dua ninayoijua, nikifika katikati nasahau naanza upya. Kichwani nishamzika. Nishachagua na mahali, pembeni ya mwenzake. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Daktari yule yule alikuwepo. Wakachukua damu, wakatuambia tusubiri nje kwenye benchi. Somoe akasogea dirishani, hawezi kukaa. Nikabaki mimi na Huseni. Ameegemea mkono wangu.

Akauliza, "Baba, sasa ni zamu yangu?"

Nikauliza zamu ya nini, ingawa nilishaelewa.

"Ya kwenda kwa Hasani. Mama kila siku anaangalia kama imefika."

Wakuu, mimi ni mwanaume niliyebeba maboksi ya kamba kwenye tope, nimezika wazazi, nimezika mtoto. Pale nilimpakata kama mtoto mchanga.

Hatukuwahi kumwambia kitu. Tulidhani tunamlinda. Kumbe mtoto anasimama mlangoni kila asubuhi akingoja kuambiwa kama anakufa leo, halafu anapewa chai.

Nikamwambia, "Baba, hakuna zamu. Hasani aliumwa. Wewe tunakuangalia kwa sababu tunakupenda na tunaogopa. Sisi ndio tunaoogopa, siyo kwamba wewe unaumwa."

Akauliza, "Nikiumwa mtaniambia?"

"Nitakwambia mimi mwenyewe."

Jina lake likaitwa. Tukaingia. Daktari akatazama majibu, akamtazama Huseni, akamtazama tena miguu.

"Ulikuwa unacheza nini huko?"

Huseni akanitazama mimi, akainamisha kichwa. "Mpira."

"Na nani?"

"Na kina Saidi. Wana miguu migumu."

Malaria, wakuu. Malaria na mateke ya kina Saidi wa Mahege. Damu yake safi, chembe zote mahali pake.

Somoe alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sijui kipi kilitangulia.

Daktari akampa dawa ya malaria, kisha akatuambia sisi wawili, "Umri aliofikia, sehemu kubwa ya hatari ameiacha nyuma. Mkiona homa isiyoisha, weupe, damu fizini, njooni. Lakini ukaguzi wa kila asubuhi basi. Na mpira acheze."

Tuliporudi Kibiti, asubuhi ya kwanza Huseni alikwenda mwenyewe akasimama mlangoni, kwa mazoea. Somoe akampita, akamwambia, "Nenda kanywe chai." Halafu akaingia jikoni, nikamsikia anahangaika na vyombo muda mrefu bila kupika chochote.

Mpira nilimnunulia mimi.

Huseni leo ni mtu mzima, fundi wa injini za boti, ana mke na watoto watatu. Alipopata wa kwanza aliniuliza kama watarithi. Tukaenda wote kumuuliza mtaalamu, safari hii yeye akiwa ndiye anayeuliza. Jibu likawa lile lile. Haikuwa ya kurithi, ilianza na Hasani tumboni, na kwa Huseni haikuwaka.

Nilichojifunza ni hiki. Vinasaba na ukoo si kitu kimoja. Kuna koo chache zina saratani zinazorithiwa kweli, na kuna watoto wanaozaliwa na Down syndrome ambao nao hatari yao ya leukemia ni kubwa zaidi, hao wafuatiliwe mapema. Lakini watoto wengi wanaougua hawakurithi kwa mtu. Kabla hujamtazama mama wa mtoto kwa jicho baya, muulize daktari.

Mwenye mapacha wa kufanana, ulizia kondo siku ile ile wanapozaliwa, usisubiri miaka. Mmoja akipata saratani ya damu, mpime mwenzake hata kama anaruka ruka.

Na mtoto unayemhofia, ongea naye. Anajua zaidi ya unavyodhani, na anayoyajua kayatunga peke yake.

Nawakaribisha madaktari mnirekebishe nilipokosea, na wazazi mliowahi kungoja majibu ya mtoto. Mlikuwa mnamwambia nini mkiwa mnangoja? Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nikichelewa kujibu mnivumilie.